Rota ya Kipara

Spesi mwanangu,

Kabla hujaendelea, hesabu karatasi. Ziko saba, na kila moja nimetia sahihi pembeni. Zikipungua ujue kuna mtu amezipitia kabla yako. Kwenye kile kitambaa cheupe kuna kitu kidogo kigumu. Usikifungue sasa, soma kwanza. Nimeviweka vyote ndani ya kiatu chako cha kushoto kwa sababu begi unaweza kulifunga bila kuangalia ndani, lakini kiatu lazima uvae. Najua utacheka. Cheka tu, baba yako ndivyo alivyo.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kutunza nguo, wala za wavulana wa Tabora. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wa hapa kwetu Magamba wameyakariri. Mimi nataka nikuandikie habari za gari.

Nimekaa ndani yake sasa hivi, hapa bandani, saa kumi na moja jioni. Turubai nimelikunja nyuma, mlango wa banda nimeufungua kidogo tu ili nione anayepita. Wewe uko kwa shangazi yako unaaga. Nimekuona ukipita na kanga mpya begani, hukugeuka, na mimi nikaanza kujiuliza kwa nini hukugeuka. Kisha nikajikaripia. Mtu anaenda kuaga, ageuke kuangalia banda la nini?

Hadithi ya hili gari umeisikia nusu. Watu wa Magamba ndio waliolipa jina la Kipara, maana hawakuwahi kuona gari lisilo na paa likiwa zima. Yaliyokosa paa waliyoyajua wao ni yale yaliyopinduka. Mwenyewe alikuwa Mzee Aldo, Mtaliano aliyekuja kujenga madaraja ya barabara za huku kwetu. Gari lilimfuata kwa treni kutoka Tabora, juu ya behewa la wazi, limefunikwa na kufungwa kamba, na pale stesheni watu wakabishana kwamba ni mtumbwi wa injini unapelekwa ziwani. Lilipofunuliwa, jekundu, dogo, usukani upande wa kushoto, mzee mmoja akasema hilo ni la mtoto wa mfalme na limepotea njia.

Mimi nilikuwa mlinzi wa Mzee Aldo. Kazi ile nilizaliwa nayo. Sogokuru wako, baba yangu mimi, alivuka kutoka Burundi na sufuria moja, na mpaka anakufa pale kambini Katumba alikuwa analala na sufuria ileile chini ya kitanda. Mlango alikuwa anaufunga, anarudi kuujaribu, anaenda kulala, anaamka kuujaribu tena. Nilikulia kwa mtu wa namna hiyo. Hata uraia wangu nilipopewa kwenye karatasi yenye muhuri, niliipeleka kwenye mwanga wa dirisha kwanza.

Kila jioni Mzee Aldo alikuwa anafungua boneti, anaachia vile vibanio viwili vya kifuniko cha distributa, na kuchomoa kipande kidogo cheusi chenye bati la shaba juu. Rota. Ndicho kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi nne. Bila hicho, starta italia mpaka betri ife na injini haiwaki ng'o. Alikitia mfukoni mwa shati akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Mwizi anaweza kupata funguo. Hii hana." Nilimpenda siku ileile. Nilikuwa nimekutana na mtu anayewaza kama mimi.

Magoti yalipomshinda akaamua kurudi kwao, na gari akaniachia mimi, na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Unafikiri nilifurahi? Nilishuku. Mzungu anampaje mlinzi gari la namna hii bila sababu? Karatasi nikampelekea katekista anisomee, kisha mwalimu mmoja, kisha karani mmoja mjini. Wote watatu walisoma kitu kimoja. Nikashuku kwamba wameelewana.

Basi nikaamua kwamba ndani ya gari kuna kitu. Mpanda hii, mawazo ya mtu yanaenda wapi? Dhahabu. Nikamwendea Fundi Yasini wa Ilembo, yule uliyekuwa ukimwita baba mdogo ulipokuwa huwezi hata kutamka jina lake vizuri, nikamwambia tufungue gari lote. Akaniuliza, "Linaumwa nini?" Nikamwambia, "Haliumwi. Linaficha." Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tairi.

Siku tisa tulilifungua. Tulitoa siti, tukatoa mbao za milango, tukashusha tanki la mafuta, tukachungulia mpaka ndani ya nguzo za kioo cha mbele. Tulipata kitana kimoja, pini ya nywele ya mwanamke, na picha ndogo ya mtakatifu imebandikwa chini ya dashibodi. Dhahabu hata vumbi lake hatukuliona. Lakini tulipomaliza kulirudisha, nilikuwa nalijua gari lile kama najua viganja vyangu, na Yasini alikuwa rafiki yangu. Hivyo ndivyo nilivyopata ufundi na urafiki, kwa kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Yasini ndiye aliyenifundisha kusikiliza kabureta. Ziko mbili, na zisipovuta sawa gari linakohoa kama mtu mwenye pumu. Unachukua kipande cha mpira wa maji, mwisho mmoja sikioni, mwisho mwingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikia inavyonong'ona. Unahamia ya pili. Unageuza skrubu kidogo kidogo mpaka zote mbili zinong'one sauti moja. Alinifundisha kukata gasketi kwa mkasi, kushona turubai kwa uzi wa viatu, kupuliza vumbi letu jekundu kwenye kila tundu kabla ya kulainisha chochote, maana ukilainisha juu ya vumbi umetengeneza msasa. Kila asubuhi natandika boksi safi chini ya injini ili nione tone jipya limeanguka wapi. Unaona, hata oili naishuku.

Na sitakuambia uache kushuku, Spesi. Ningekuwa naongopa. Unakumbuka ile siku nilikataa kukupeleka Mpanda mjini kwenye sherehe ya kipaimara, ukalia na gauni lako jeupe, ukaniambia nakuonea? Nilikuwa nimenunua maji ya breki kwa jamaa mmoja sokoni, chupa imefungwa vizuri, lakini ule mfuniko ulikuwa na gundi. Nikachukua tone moja nikalitia kwenye bakuli la maji. Maji ya breki ya kweli yanachanganyika na maji. Hili likaelea juu kama mafuta ya alizeti. Ningelitia mle ndani lingekula mipira yote ya breki, na ule mteremko wa kuingia mjini unaujua. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uogope gari. Ulininunia siku tatu. Nilizivumilia, nilikuwa na haki yangu mfukoni.

Ubaya ndio huo sasa. Mtu akipatia mara moja kwa kushuku, anaona kushuku ni macho ya ziada. Anasahau kuuliza. Mimi nilisahau.

Sasa soma taratibu. Kama umesimama, kaa.

Ulikuwa na miaka mitano. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi minane, na kibanda chake cha dagaa kilikuwa kimekauka. Nikadandia lori kwenda Ikola, kule ziwani, kumchukulia mzigo. Kipara lilibaki nyumbani. Barabara ile lingeacha tumbo lake njiani. Kabla sijaondoka nilifanya kama kila siku. Nilifungua boneti, nikachomoa rota, nikaitia mfukoni mwa shati. Funguo nikaziacha juu ya kabati mama yako akiona. Nilijisikia mjanja.

Pale Ikola wanawake walikuwa wanageuza dagaa juu ya mchanga, na mimi nazunguka nikinusa kila tandiko, nikishuku kwamba wananichanganyia wa juzi na wa jana. Nililala huko ili asubuhi nisimamie mwenyewe wakipima. Simu yangu haikushika mtandao.

Alfajiri hiyo mama yako alianza kutoka damu. Mama Jeni, jirani yetu, alisikia ukilia akaja. Barabara ya kuelekea mjini iko hatua mia tatu kutoka mlangoni kwetu, na bodaboda zinapita pale tangu jua halijatoka. Lakini nani angemweka mwanamke wa hali ile kwenye pikipiki wakati bandani kuna gari zima? Walimpigia Yasini, kwa kuwa ndiye pekee mwingine aliyejua kuliendesha. Akaja na baiskeli kutoka Ilembo akikanyaga kama kichaa. Wakamlaza mama yako kwenye siti, ile ya kulia, ambayo leo ni siti yako. Yasini akapiga starta. Ikalia. Akapiga tena. Akakagua mafuta, akakagua betri, akachomoa waya za plagi akazifuta moja moja kwa shati lake, akazirudisha. Akapiga tena. Saa nzima ilikwenda hivyo. Wewe uliwahi kuniambia, ukiwa darasa la nne, kwamba kitu unachokumbuka siku ile ni sauti ya starta. Uliniambia tukiwa tunakula. Sikumaliza chakula changu, ukadhani naumwa.

Mwisho Yasini akafungua kifuniko cha distributa. Akaona pamebaki tundu.

Mama Jeni ndiye aliyenisimulia. Alimbeba mama yako mikononi mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki, akakaa nyuma amemshikilia. Walifika hospitali. Mama yako alipona. Mdogo wako, wa kiume, hakupona. Huyo ndiye aliyezikwa kule nyuma kwenye migomba, na tumekuwa tukimwita "mdogo wako" tu kwa sababu hatukuwahi kumpa jina.

Nilirudi alasiri ya siku hiyohiyo na magunia yangu. Nyumba imefungwa. Nikaenda bandani. Boneti wazi, kifuniko cha distributa kinaning'inia na waya zake. Unajua nilifanya nini, Spesi? Nilihesabu vifaa. Nilihesabu plagi, nikahesabu waya, nikaangalia kabureta kama zimebadilishwa. Sikujiuliza mke wangu yuko wapi wala mtoto wangu yuko wapi. Kisha nikachukua baiskeli ya jirani nikaenda moja kwa moja Ilembo kwa Yasini, na njiani nikaipita barabara ya hospitali.

Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni. Shati lake lilikuwa na doa kubwa kifuani, nikadhani ni oili ya gari langu.

"Umechukua nini kwenye gari langu?" nikamuuliza.

Aliniangalia kwanza. "Baba Spesi, umepita hospitali?"

"Nakuuliza umechukua nini."

"Mkeo yuko wodini. Mtoto tumempoteza. Nenda." Kisha akaninyooshea kidole mfuko wa shati. "Ukitoka huko, angalia humo."

Nilipofika wodini shangazi yako alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Mama yako amegeukia ukutani. Shangazi akaniuliza, si kwa ubaya, aliuliza tu kama mtu yeyote angeuliza: "Hivi gari lilikuwa na nini?" Na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Yasini aliliharibu alipolifanyia sevisi wiki iliyopita." Mkono wangu ulikuwa umefunika mfuko.

Ndivyo ilivyokuwa. Gari halikuwa bovu. Halikuwa na tatizo lolote siku ile, lilikuwa limetulia kuliko siku zote. Yasini hakuharibu kitu. Kilichokosekana nilikuwa nacho mimi, Ikola, juu ya moyo wangu, nikinusa dagaa.

Uongo wenyewe niliusema mara moja tu. Baada ya hapo watu walinisaidia. Shangazi alimwambia mtu, mtu akamwambia mtu, na ndani ya miezi miwili hakuna aliyempelekea Yasini hata baiskeli kuzibwa pancha. Fundi aliyeua mtoto, walisema. Mara moja tu alikuja hapa. Alisimama nje ya uzio, hakuingia. Akasema, "Baba Spesi, mimi sitasema kitu. Lakini wewe unajua na mimi najua." Akahamia Tabora. Angeweza kunisema mbele ya watu wote, mwenye kanisa na mwenye msikiti, akanyamaza. Na mimi, badala ya kumshukuru, nikaanza kushuku kimya chake. Nikasema moyoni, huyu anatunza hili alitumie siku moja. Miaka kumi na minne namsubiri alitumie.

Hata mama yako nilimchunguza. Wiki ileile ya msiba nililikuta shati langu la safari limefuliwa, limekunjwa juu ya kitanda, na rota imo mfukoni. Nikadhani amejua. Kisha nikajipa moyo kwamba amelifua haraka bila kugusa mfuko, akili yake haikuwepo. Toka hapo nimekuwa nikimwangalia anavyoniangalia. Mama yako hajawahi kukaa tena kwenye hili gari, unajua mwenyewe. Kanisani anatangulia kwa miguu, sokoni anapanda bodaboda. Nilisema ni kwa uchungu wa siti ile. Nilijitahidi sana kuamini hivyo.

Wewe ndiye uliyekaa. Toka ukiwa na miaka saba, siti ya kulia ni yako. Na hili nataka ulielewe, maana hujawahi kuniuliza. Gari lenye usukani kushoto, kwenye barabara zetu, dereva akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele. Anayekaa kulia ndiye anayeona. Ulikuwa unachungulia na nywele zako zimejaa vumbi, unasema, "Baba, nyeupe," na mimi napita. Ukisema, "Bado," nakaa. Sikuwahi kuchungulia mwenyewe kuhakikisha. Mtu anayejaribu mlango mara tatu, anayeweka sahihi kwenye barua ya mwanawe, nimeyapita malori yote ya njia hii kwa neno la mtoto. Sijamwamini mtu mwingine hivyo, hata padri. Ndiyo maana ulipokuwa unakaa pale nilisikia raha na aibu kwa pamoja.

Ulipoleta ile barua ya chuo na kusema unataka ukunga, nilinyamaza jioni nzima. Ulidhani sijafurahi. Nilikuwa najiuliza: kwa nini ukunga? Ananisema? Nani kamwambia? Na uliposema chuo chenyewe kiko Tabora, nikatoka nje kwenda kujaribu mlango wa banda. Nimesikia Yasini ana gereji ndogo si mbali na stesheni pale. Juzi ulimwambia Mama Jeni, nikiwa nyuma ya ukuta, kwamba siku ukikutana na yule fundi utamuuliza usoni kama analala usingizi. Ndiyo, nilikuwa nasikiliza nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo najishuku, na wewe nakuruhusu unishuku: naandika haya kwa sababu nakupenda, au kwa sababu naogopa Yasini atakuambia kwanza? Nimekaa na swali hili tangu mchana. Nimeliuliza kwa kila namna, kama ninavyopima kabureta, sikio moja huku, sikio moja kule. Jibu la kweli ni kwamba yote mawili yapo. Woga ndio ulioniamsha, siwezi kuuficha. Lakini kalamu ilipoanza kwenda, nilikuwa nakuona wewe umesimama mbele ya mzee wa watu, unamtukana kwa kosa langu, na yeye ananyamaza tena. Hilo sikuweza kulibeba.

Jana nilimwambia mama yako. Alikuwa jikoni anachambua mchele wa safari yako. Nilisimama mlangoni, nikasema yote kama nilivyokuandikia hapa, nikamaliza. Hakuinua kichwa. Akaendelea kutoa chuya, moja moja, mpaka nikadhani hajanisikia. Kisha akasema, "Nililifua lile shati."

Sikumwelewa mara moja.

"Nilikitoa mfukoni," akasema. "Nikakiweka dirishani shati likikauka. Likakauka nikakirudisha."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Nilitaka nione utakaa nacho muda gani." Hapo ndipo akaniangalia. "Sasa mwambie mtoto." Akachukua ungo wake akatoka nje, na jana hiyo sikupewa chakula, nikaona ni sawa.

Miaka yote hiyo, mwanangu. Mimi nachunguza wezi kwenye uzio, na mtu aliyekuwa na siri yangu mkononi nalala naye kitanda kimoja. Alikuwa anasubiri neno moja tu kutoka kwangu. Najua sasa kwamba kushuku kwangu kote kulikuwa kunaangalia nje, kwa sababu ndani nilikuwa najua ningekuta nini. Naona aibu, Spesi. Nasema wazi, naona aibu mbele yako na mbele ya yule mtoto tusiyempa jina.

Leo asubuhi nilikwenda pia kwa Mama Jeni nikamweleza. Unamjua, kumwambia yeye ni sawa na kutangaza redioni. Mpaka Jumapili Magamba nzima na nusu ya Ilembo itakuwa inajua kwamba Fundi Yasini hakuharibu gari la mtu. Watakaonitazama vibaya wana haki yao. Nimeshaanza kuona watu wananong'ona pale bombani, na safari hii sishuku, najua wanasema nini.

Sasa fungua kitambaa.

Ni ileile. Imechakaa kidogo kwenye shaba, lakini inafanya kazi. Unajua inapokaa, nilikufundisha mwenyewe. Ina mkato mmoja tu, haiwezi kukaa vibaya. Banda halitafungwa usiku wa leo. Ndiyo, umesoma vizuri. Boneti haitafungwa kwa ufunguo.

Treni yako ni kesho mchana. Ukiona unaweza kukaa tena kwenye siti ya kulia, irudishe rota mahali pake muda wowote kabla ya hapo, nami nitakupeleka stesheni. Mama yako amesema yeye atakuja kwa bodaboda vyovyote iwavyo, na sitambishia. Ukiona huwezi, ondoka nayo. Mpelekee Yasini, umwambie imetoka mfukoni mwangu, na kwamba aliyekosa anajua amekosa. Sitatafuta rota nyingine. Gari litakaa hapa mpaka yeye mwenyewe aje kuirudisha, na asipokuja, kuku watapata pa kulala.

Sitakuuliza umeamua nini. Sitasikiliza nyuma ya ukuta. Kuchungulia, labda nitachungulia kidogo, sitaki kukudanganya kwenye barua hii. Lakini bandani sitaingia.

Kesho saa sita, begi lako likiwa limefungwa, nitakaa kwenye usukani. Sitafungua boneti kuangalia. Nitapiga starta mara moja tu.

Baba yako